Barua ya wazi kwa wanangu wapangaji wapya wa Dar

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mlioshuka Stendi ya Magufuli pale Mbezi mwaka huu na begi moja, mkatafutiwa chumba na dalali, mkalipa kodi ya miezi sita, mkafunga mlango. Sina ugomvi na mlango kufungwa. Nina neno kuhusu hatua chache zilizopo kati ya mlango wenu na barabara, na watu mnaowapita humo kila asubuhi kama mnavyopita nguzo za umeme.

Mimi ni mama mwenye nyumba, Buguruni. Nyumba yenyewe ni hizi za Kiswahili mnazozijua: vyumba sita, vitatu huku, vitatu huku, korido katikati, baraza mbele, uani choo, bafu na bomba. Kimoja nalala mimi, vitano napangisha, na kazi hii naifanya tangu mume wangu alipofariki mwaka 1994. Vijana waliopita humo siwezi kuwahesabu. Wachache waliondoka na deni la kodi, hao nimeshawasahau. Wanaonikaa moyoni ni wale waliolipa vizuri, wakakaa mwaka mzima, wakahama kwa amani, na kirikuu cha mizigo kikishakata kona jirani wa ukuta kwa ukuta ananiuliza: "Mama, hivi yule kijana alikuwa anaitwa nani?"

Mimi mwenyewe niliingia mji huu mwaka 1976, kwa treni kutoka Tabora, nikiwa na miaka kumi na tisa na karatasi yenye jina la mjomba na neno Buguruni. Nikafika, mjomba amehama, na waliohamia hawajui alikokwenda. Nikakaa nje ya ile nyumba juu ya sanduku langu la bati, jua linazama. Bibi mmoja wa Kizaramo aliyekuwa akikaanga mihogo hapo jirani akaniita, akaniuliza kabila langu. Nikasema Mnyamwezi. Alicheka mpaka akashika kiuno. "Leo nimeokota mtani! Wewe na sanduku lako mali yangu, inuka twende."

Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi ni wa zamani. Ulizaliwa kwenye njia za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu mabegani na kupita katika nchi ya Wazaramo. Yule bibi sikumjua hata kwa jina, lakini kamba ya kutufunga ilikuwa imesokotwa kabla hatujazaliwa. Nililala kwake siku tisa mpaka mjomba akapatikana Keko. Alipofariki, miaka mingi baadaye, mimi ndiye niliyesimama mlangoni nikazuia jeneza lisitoke mpaka nilipwe changu, kama mtani anavyotakiwa. Wanawe walilia na kucheka kwa pamoja. Nililipwa shilingi mia mbili, nikaziweka kwenye kapu la rambirambi, ndipo nikalia na mimi.

Wengi wenu hamjui watani wenu ni akina nani, na silioni kuwa kosa lenu, hamkufundishwa. Lakini mji huu unazo kamba nyingine, na hizo mnazishika kila siku bila kujua. Mpo ndani ya daladala, konda hana chenji. Wewe unadai mia tano, dada wa kiti cha nyuma anadai mia tano. Konda anakupa wewe noti ya elfu moja, "mgawane na huyo dada", kisha anageukia wengine. Hamjuani. Konda hajawauliza kama mnaaminiana, na hata hajafikiri kwamba kuna la kuuliza. Mnashuka pamoja, mnasimama kwa muuza maji, noti inavunjwa, kila mtu na njia yake. Nimeishi hapa karibu miaka hamsini na bado jambo hilo linanigusa. Vivyo hivyo nauli ya mtu wa nyuma kabisa inapita mikono mitano ya watu wasiojuana mpaka imfikie konda, na chenji inarudi njia ile ile, kamili.

Basi na ninyi muwe mikono hiyo. Mama akisimama mbele yako na mtoto mgongoni na mfuko wa mboga, mpishe akae. Kama huwezi, pengine umechoka kweli, umesimama kazini tangu alfajiri, mwambie "mama, nipe nikupakatie". Mtoto au mfuko, kimoja kije mapajani pako. Nawaona wanaume vijana wameketi, masikio yameziba kwa muziki, macho kwenye simu, na mfuko wa mtu unagonga magoti yao safari nzima. Na konda anapowazuia watoto wa shule mlangoni kwa sababu nauli yao ni ndogo, sauti ya mtu mzima mmoja inatosha: "Konda, wapandishe hao, tutabanana." Mkinyamaza nyote, wale watoto wanafika nyumbani usiku.

Sasa nije kwenye hesabu. Sensa ya 2012 ilikuta mkoa huu una watu 4,364,541. Ya 2022 ikakuta 5,383,728. Watu zaidi ya milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi. Hakuna anayeweza kuwajua hao, wala sitawaomba mjaribu. Nawaomba watu kumi. Zamani chama kilipanga nyumba kumi kumi, kila kumi na balozi wake. Ubalozi ule ulikuwa na mengi, mengine ya kuchunguzana na kuchongeana, sitausifu wote. Lakini hesabu ya kumi ilikuwa ya akili, kwa sababu kumi mtu anawaweza. Mwenye genge la nyanya. Mangi wa duka la kona. Bodaboda wawili wa kijiweni. Mama wa vitumbua. Wapangaji wenzako. Mjumbe. Kama unakaa kwenye ghorofa lenye geti, mlinzi awe wa kwanza: yeye anajua saa unayorudi na sura ya kila mgeni wako, na wewe hujui hata anatoka mkoa gani.

Nawaambia kumi kwa sababu ya usiku mmoja ambao nauogopa mpaka leo. Nilikuwa na mpangaji chumba cha pili, fundi simu Kariakoo, mpole, hatoki ila kazini. Alikuwa na miezi minne kwangu. Usiku huo umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, na nyumba zetu hizi za Kiswahili zinafanana. Akaingia nyumba ya tatu kutoka kwangu, akatembea korido gizani, akausukuma mlango wa pili kulia akidhani ni wake. Ndani alikuwemo mama na watoto. Mama akapiga yowe la mwizi.

Nadhani haikufika dakika mbili. Watu walitoka kila mlango, huyu ana fimbo, huyu ana tofali. Kijana wa watu amebanwa ukutani anasema, "Nakaa kwa Mama Tabora, nakaa kwa Mama Tabora." Na watu, majirani zangu, watu ninaokaa nao misibani, wakajibu neno moja: "Hatumjui." Hawakusema uongo. Miezi minne amepita mbele ya mabaraza yao asubuhi na jioni, ameinamisha kichwa, na hawamjui.

Aliyemwokoa ni kijana muuza chipsi wa kona. Alikuja na tochi ya simu, akammulika usoni, akapiga kelele: "Huyu wa mayai mawili huyu! Mteja wangu! Mnaua mtu!" Akasimama mbele yake akiwa na aproni ya mafuta, mikono ameitanua. Mimi nilifika pekupeku, kanga moja, fundi wangu tayari ana jeraha juu ya jicho. Nyuzi sita.

Lawama ya kwanza ni yangu. Mpangaji mpya anapelekwa kwa mjumbe, anatambulishwa kwa majirani wa kulia na wa kushoto, ndivyo tulivyolelewa, na mimi nilikuwa nimeacha. Nilijiambia vijana wa siku hizi hawapendi kufuatiliwa. Kesho yake nilikwenda kwa wale wenye fimbo, mlango hadi mlango, na sikwenda kugombana. Niliwauliza kila mmoja swali hili: angekufa, tungemwandikia mama yake tuseme nini? Mmoja alikaa chini akashindwa kujibu.

Kwa hiyo nawaomba, na hili nalisema kama mama. Ukisikia yowe la mwizi, mkono wako usiokote kitu. Sogea, mulika, uliza "nani anamjua huyu?", aitwe mjumbe, iitwe polisi. Hata kama ni mwizi kweli.

Simaanishi mfungulie kila mtu. Mji una matapeli, na nyote mmeshapata ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Kariakoo kuna mikono inayoingia mfukoni kabla hujajibu salamu. Salamu ni salamu, funguo ni funguo. Binti zangu, ninyi mna la zaidi: mwanaume akikusalimia ukaitikia, akaendelea kukufuata, hudaiwi neno la pili. Ingia dukani kwa mangi, simama hapo mpaka apite. Ndiyo maana nataka mangi awe anakujua.

Ndani ya nyumba, kinachovunja watu ni luku. Mmoja ana friji na pasi, mwingine ana taa moja na chaji ya simu, mchango ni sawa, manung'uniko yanaanza. Siku hizi naona kikaratasi kimebandikwa ukutani juu ya mita: "Wanaotumia pasi wajitafakari." Au ujumbe unatumwa kwenye kundi la simu la wapangaji, na watu wanalala ukuta mmoja! Mwanangu, karatasi haina sura, na mtu akiisoma anaisoma kwa sauti ya adui. Gonga hodi. Subiri uambiwe karibu. Anza na habari za kazi na za nyumbani, hizo si kupoteza muda, hapo ndipo mtu anapokutazama akaona hukuja kwa shari. Kisha sema: "Dada, nimekuja tuzungumze mambo ya luku." Katika nyumba yangu mwenye friji huongeza kidogo kila mwezi, na makubaliano hayo hayakuandikwa popote. Walikaa uani jioni moja wakayamaliza wenyewe.

Na sahani, jamani, msiiache ife. Mimi ni Mkristo, jirani zangu wengi ni Waislamu. Krismasi ikifika, kuku zangu hachinji mtu wa nyumbani kwangu. Namwita baba wa nyumba ya jirani aje achinje yeye, ili pilau ikiiva sahani ivuke ua na huko iliwe kwa moyo safi. Ramadhani futari inakuja kwangu: mihogo ya nazi, tambi, maharage, na mimi si mfungaji. Sahani ya watu hairudi tupu. Kama huna kitu, weka ndimu mbili, weka chumvi. Mpangaji wangu mmoja wa chuo, hana mbele wala nyuma, alirudisha sahani na mche wa mchicha alioupanda kwenye kopo la rangi. Yule mama aliyeletewa ameuotesha, na mpaka leo akichuma anamtaja kijana kwa jina lake na la kijiji chake.

Mnaniuliza mwanzo unaanzaje, maana wengine mna haya. Jumamosi, nunua nyanya za buku pale genge la karibu, usiende sokoni. Mwenye genge akiwa amekuzidi umri, mpe shikamoo yake, mwambie, "Mama, mimi mgeni hapa, nimepanga nyumba ile yenye mlango wa kijani." Basi. Yeye ndiye atakayekueleza maji yanatoka siku gani, gari la taka linapita saa ngapi, na kwa mjumbe ni wapi. Jumamosi ijayo atakuwa anakuita kwa jina.

Fundi wangu hakuhama. Nilidhani angehama. Alikaa miaka mitatu zaidi, na jioni alikuwa akitoa kigoda chake barazani, anatengeneza simu za watoto wa mtaa bure kama tatizo ni dogo. Aliyeleta simu ya kwanza ni yule mama aliyepiga yowe.

Leo ni zamu ya mtaa wetu, maji yameanza kutoka, nasikia ndoo zinagongana bombani. Mpangaji wa chumba cha tano bado yuko kazini, na ndoo yake ipo kwenye foleni. Acha nikamsogezee.

Mama yenu,
Mama Tabora, Buguruni