Mahindi yakitoa ndevu msitukimbie

Mhariri,

Ukurasa wenu wa kilimo huwa nausoma sana, ila kuna kitu kinanikera. Mwanzo wa msimu kila toleo ni mara mbegu mara mbolea mara viwavi jeshi, afu mahindi yakishatoa ndevu mnanyamaza kabisa mpaka mavuno, utadhani wadudu nao wameenda likizo. Kumbe huu mwisho wa msimu wa joto, jua kali, mvua imekata, ndo mkulima anapigwa akiwa ameshajilegeza.

Mimi yalinikuta kwenye soya. Niliona ukingoni mwa shamba majani yana vidoadoa na yanaenda njano, nikasema ni jua tu hili, na kwa kuwa nilikuwa nimeona viwavi wawili watatu (wala sikuhesabu!) nikapiga dawa ya pairethroidi, ile inayoua wadudu wa kila aina, shamba zima. Wiki haijaisha njano imeshafika katikati. Jirani akaja, akachuma jani la chini akalikung'uta juu ya karatasi nyeupe, likadondoka kama vumbi, tukakodoa macho, mara lile vumbi likaanza kutembea. Utitiri, vile vijidudu vidogo vinavyofyonza majani! Dawa yangu iliua wadudu wanaoula utitiri, wenyewe haukushtuka hata kidogo, na joto likiwa kali unatoa kizazi kipya ndani ya wiki hivi. Karatasi moja tu ingeniokoa jamani.

Sasa mambo kama hayo ndo tunataka kusoma. Waambieni watu kukagua shamba sio kusimama njiani na kuangalia kijani, mtu aingie ndani atembee kwa umbo la herufi W, asimame sehemu 5, kila sehemu aangalie mimea 10 mpaka 20, na aandike, manake kichwa kinadanganya. Kwenye soya achume majani ya juu, ya kati na ya chini, ukiangalia ya juu tu utaona shamba lote limeliwa, wakati mwongozo unaotumika sana baada ya maua ni kupiga dawa majani yakiliwa kama asilimia 20. Chini ya hapo mara nyingi unamwaga hela.

Mahindi nayo, kiwavi akishaingia ndani ya gunzi dawa haimfikii, kwahiyo kumtafuta ni mapema, asubuhi au jioni. Wenye mitego ya harufu wajue inanasa nondo dume tu (nondo ndo mzazi wa kiwavi), inakwambia nondo wanaruka, haikwambii wewe shambani kwako kuna nini. Na mahindi yakikaribia kukauka sukuma mabua kwa mkono sehemu kadhaa, kama zaidi ya 10 kwa kila 100 yanavunjika au hayarudi wima basi bua limeoza, hapo ndo pa kuanza kuvuna kabla upepo haujakuwahi.

Tunaomba hata kakona ka mistari mitano kila toleo mpaka watu wavune.

Halafu ile picha ya kiwavi mliyotoa juzi sio kiwavi jeshi vamizi. Yule ana Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne yamekaa kimraba karibu na mkia, wa kwenu hana hata kimoja.

Msomaji wenu, mkulima