Kache ya prosesa humiminwa, haifutwi

Mhariri,

Ukurasa wenu wa teknolojia hutushauri "kufuta kache" simu ikiwa nzito. Kwa simu ni sawa, kwani kinachotupwa ni nakala tu. Naomba neno hilo lisihamishiwe kwenye prosesa, ubongo wa kompyuta: kache yake ni kumbukumbu ndogo ya kasi, na huweza kushika data ambayo bado haijaandikwa kwingine. Neno hilo limempotezea mwanafunzi wangu siku tisa.

Alikuwa akiandika butiloda yake mwenyewe, yaani programu ya kuwashia kompyuta, kwa ajili ya BeagleBone Black, kompyuta ndogo ya ubao mmoja: ipakie kerneli ya Linux (kiini cha mfumo wa uendeshaji) kutoka kwenye kadi hadi kwenye RAM, kumbukumbu kuu, kisha iikabidhi prosesa. Leo inawaka, kesho haitoi hata herufi moja. Alibadilisha kadi, akabadilisha adapta, nusura autupe ubao. Nikamwambia azime kache ya data kabla ya kupakia chochote. Ikawaka kila alipojaribu, ila kwa kujikokota.

Daftarini mwake ameandika: "futa kache, zima, anzisha kerneli." Prosesa ikamtii. ARM, aina ya prosesa iliyomo kwenye ubao ule, ina amri mbili mbalimbali: moja humimina data ya kache kwenye RAM, nyingine huitupa. Yeye alitumia ya pili.

Ubao ule una kilobaiti 256 za kache ya ngazi ya pili. Kerneli ya megabaiti kadhaa haienei humo, kwa hiyo sehemu yake kubwa huwa imeshasukumwa hadi kwenye RAM. Kinachobaki ndani ni kilichoandikwa mwisho, nacho mara nyingi ni lile faili dogo linaloieleza kerneli ubao una vifaa gani na RAM kiasi gani. Kerneli huanza kache ya data ikiwa imezimwa. Inasoma RAM, inakuta takataka.

Marehemu baba alikuwa na duka Pangani. Mikopo ya mchana aliiandika nyuma ya pakiti za sigara, jioni akaihamishia daftarini ndipo amwachie kaka duka. Angezitupa pakiti zile, kaka angemdai nani?

Kufuta nako kuna mahali pake: kache ya maagizo, ambayo ni tofauti na ya data, hufutwa ili prosesa isitekeleze mabaki ya zamani. Ndiyo maana tunahitaji maneno mawili. Napendekeza "kumimina kache" data inaporudishwa kwenye RAM, na "kufuta" libaki kwa kutupa.

Gazeti lenu tunalibandika ukutani karakana kila wiki, na vijana huokota maneno humo.

Mwalimu wa elektroniki,
Tanga