Mvua ya Vudee si mvua ya Makanya

Mhariri,

Kila msimu nasoma magazetini kwamba mvua za Kilimanjaro, Arusha na Manyara zitakuwa za wastani, juu ya wastani au chini yake. Mikoa mitatu, sentensi moja. Mimi nalima Makanya, wilayani Same. Dada yangu ameolewa Vudee, juu milimani. Nikiwa shambani milima ya kwao naiona vizuri, ila mvua yao hainifikii.

Upepo wenye mvua hutoka Bahari ya Hindi. Ukigonga Upare hupanda, hupoa na kumwaga maji huko huko juu, upande wa Gonja na msitu wa Chome, kwenye kilele cha Shengena chenye mita 2,462. Sisi tulio magharibi, mgongoni mwa mlima, tunabakiwa na upepo mkavu. Ndiyo maana Myamba wanavuna tangawizi, na huku chini kilichozoea ni mkonge.

Vuli moja niliamini tangazo nikapanda mahindi shamba zima. Dada akapiga simu: "Kaka, huku haijakatika tangu jana." Usiku ule mto ukashuka na maji mekundu, tukayaelekeza mashambani kama walivyofanya wazee wetu. Udongo ukashiba. Mahindi yakaota vizuri. Halafu zikapita wiki tatu bila tone. Yalipoanza kutoa mbelewele, kufika saa nne asubuhi majani yalikuwa yameshajisokota. Niliyakata nikawapa mbuzi.

Tangu hapo tunapima, kila mmoja kwake: kopo la maziwa lililonyooka pande zote, rula ya mtoto wa shule, na daftari. Siku moja kopo la dada lilijaa upana wa vidole viwili. Langu lilikuwa na vumbi.

Ninaloomba ni hili. Kila kata iwekewe kipimamvua, shule isome kila asubuhi, na hesabu ibandikwe ofisi ya kijiji. Utabiri utenganishe milimani na tambarare. Na bwana shamba anapoleta mbegu, ya Vudee isiwe ndiyo hiyo hiyo ya Makanya. Sisi tuletewe mtama na mahindi ya muda mfupi, na fiwi tunazozijua. Nawe Mhariri, ukichapa utabiri wa vuli ijayo, waulize wataalamu swali moja kwa niaba yetu: hiyo "wastani" imepimwa wapi?

Mkulima,
Makanya, Same