Barua ya wazi kwa vijana mnaorekodi simulizi za ziwani

Wanangu wa Mwanza,

Nimesikia kwamba mnazunguka Igoma, Kirumba na visiwa vya Ukerewe mkirekodi kumbukumbu za walionusurika na waliofiwa katika ajali ya MV Bukoba ya Mei 21, 1996, na ile ya MV Nyerere iliyopinduka karibu na Ukara Septemba 20, 2018. Kazi hiyo naiunga mkono. Kinachonisumbua ni swali lenu la "Ulijisikiaje?", na jinsi mnavyolirudia pale mtu anapowajibu kwamba hawezi kueleza.

Jibu hilo si ukaidi wala usahaulifu. Mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein, katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1953 baada ya kufa kwake, aliuliza kwa nini harufu ya kahawa haielezeki, na kama tatizo ni upungufu wa maneno. Sisi tulioona magunia ya kahawa ya Kagera yakishushwa bandarini tunaijua vema harufu hiyo, lakini asiyewahi kuinusa hatatoka kwetu na chochote zaidi ya kuambiwa inakaribiana na hiki au kile. Ikiwa kahawa inatushinda, mnamtakaje mama aliyefiwa na wanawe auweke msiba wake katika sentensi mtakayoweza kuinukuu?

(Mvuvi wa dagaa naye hawezi kueleza mkono wake unavyojua kwamba wavu umeshiba, ila yeye mnaweza kwenda naye ziwani usiku wa giza, karabai zikiwaka, mkashika wenyewe. Msiba hauna njia hiyo.)

Kwa hiyo ulizeni yanayosemeka: alikaa upande gani wa meli, alishika nini, nani alimpokea nchi kavu, nyumbani walimsubiri mpaka lini. Akinyamaza, nyamazeni naye kama tunavyokaa mkekani msibani, na kimya hicho msikikate katika rekodi mkidhani ni hitilafu. Zaidi ya yote, msimpambie maneno ambayo hakuyasema. Nimewahi kusoma simulizi za namna hiyo ambamo wavuvi na wachuuzi wa samaki wote wanazungumza kama watangazaji wa redio.

Na kabla ya kuisambaza rekodi, mrudishieni mwenyewe aisikilize, na sehemu atakayoikataa ifuteni bila kumdai sababu.

Mimi mzee wenu,
Mwanza