Risala ya Klabu ya Ushauri Nasaha kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu,
Walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni. Tunakushukuru, Mheshimiwa, kwa kuitikia wito wetu. Mwaka huu klabu yetu imejikita katika akili hisia, yaani uwezo wa kuzisoma na kuzitawala hisia, akili isiyoandikiwa alama kwenye ripoti ya muhula.

Wengi tumezoea kuziona hisia kama kelele zinazovuruga fikra. Mwaka 1990 wanasaikolojia Peter Salovey na John Mayer walizitazama kwa jicho jingine: hisia hubeba taarifa, na wapo wanaozisoma vizuri kuliko wengine. Mwaka 1997 wakataja stadi nne za akili hisia: kuzitambua hisia, kuzitumia katika kufikiri, kuzielewa na kuzitawala.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi tumeng'ang'ania kuelewa, maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Ubongoni kuna sehemu iitwayo amigdala, ambayo huweza kuitikia hatari kabla hatujapambanua kilichotokea. Moyo huenda mbio, viganja hulowa jasho. Lakini moyo huenda mbio kwa hofu, kwa hasira, hata kwa furaha. Asiyechambua huipa hali hiyo jina la kwanza linalomjia, kisha hutenda kwa kulifuata. Mwanafunzi anayeogopa kuitwa ubaoni anaweza kuamini kwamba anamchukia mwalimu. (Walimu wetu, si kila anayewanunia ana chuki nanyi.)

Utafiti wa mwanasaikolojia Matthew Lieberman na wenzake, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kuwa mtu akiitaja kwa neno hisia anayoiona kwenye picha ya uso, mwitikio wa amigdala hupungua. Kwa upande mwingine, tafiti za mwanasaikolojia James Gross zimeonyesha kuwa kuficha hisia usoni hakuiondoi hisia mbaya ndani, na hudhoofisha kumbukumbu ya yanayoendelea wakati huo. Kwa hiyo mwanafunzi anayeambiwa "jikaze" katikati ya kipindi huenda akajikaza kweli, na somo likampita.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakuomba utusaidie kupata chumba cha faragha cha ushauri, kwani sasa tunaongea korido huku wengine wakipita. Tunaomba pia mafunzo kwa walimu wa malezi, na kipindi kimoja cha klabu kwenye ratiba ya wiki.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Klabu ya Ushauri Nasaha