RISALA YA KIKUNDI CHA FAMILIA ZA ASKARI, KIBIRIZI, KIGOMA, KWA MGENI RASMI

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afande na rubani wa helikopta wa Jeshi letu la Wananchi, Mwenyekiti wa Mtaa, viongozi wetu wa dini, wageni waalikwa, wanakikundi wenzetu, mabibi na mabwana: Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Tunamshukuru Mungu kwa kukufikisha salama huku mwisho wa reli, tena katika wiki ya kuelekea Siku ya Mashujaa, 25 Julai. Tunajua una majukumu mengi, na harufu ya pilau kila mtu anaisikia. Kwa hiyo historia tutaipitia mbiombio. Mwendo tutaupunguza tukifika kwenye maombi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Kikundi chetu kilianza mwaka 2013, pale Azimio namba 2098 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipounda brigedi maalumu ya kukabiliana na waasi mashariki mwa Kongo, na vijana wetu wakaenda huko pamoja na wenzao wa Afrika Kusini na Malawi. Tulikuwa kina mama wachache tuliokutana mwaloni kuulizana habari. Leo tumepiga hatua kubwa sana. Tuna katiba, tuna akaunti benki, tuna masufuria mawili ya shughuli, viti vya plastiki na turubai hili unaloliona juu ya kichwa chako. Tumefanya pia ziara ya mafunzo hadi Kasulu na kurudi siku hiyo hiyo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Kwa kuwa wewe ni rubani, tunakuomba upokee shukrani hizi kwa niaba ya marubani wote, hata wa mataifa mengine, maana hatuna namna nyingine ya kuwafikia. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani ya Semuliki, mashariki mwa Kongo, iliposhambuliwa, tulipokea miili ya askari wetu 14. Majeruhi walisafirishwa kwa ndege kwenda kutibiwa, na wapo waliorudi wakiwa hai. Tarehe 29 Machi 2022, helikopta ya walinda amani ilianguka Kivu ya Kaskazini na wote wanane waliokuwamo wakafariki: Wapakistani sita, Mrusi mmoja na Mserbia mmoja. Tarehe 5 Februari 2023, helikopta ya Afrika Kusini ilipigwa risasi ikitoka Beni kwenda Goma. Mmoja wa waliokuwa kazini ndani yake alifariki, na hata hivyo ikafikishwa Goma. Watu hao hatuwajui kwa sura, lakini msikitini walisomewa dua na kanisani wakaombewa misa, kwa sababu njia waliyokuwa wakiruka ndiyo njia ya watoto wetu.

Tunawashukuru zaidi wasiopigiwa makofi, yaani mafundi wa ndege na wapakiaji wanaobaki chini. Rubani akishuka hupewa mkono, na fundi yuko uvunguni anatafuta mafuta yanapovuja. Ni katika kuwashukuru hao, Afande, ndipo lilipoanza jambo letu kubwa la leo.

Kila vijana wanapokwenda kupokezana zamu, tunawafungia dagaa, mawese na unga wa muhogo. Vijana wanatueleza kwamba kipande cha mwisho cha safari mara nyingi ni cha helikopta, na kwamba mpakiaji hambembelezi mtu. Wewe unalijua hili kuliko sisi: jua likiwa kali hewa inakuwa nyepesi, panga hazipati cha kushika, na mzigo uliobebeka asubuhi unapunguzwa mchana. Kila kilo inaulizwa. Sisi tulikuwa tunakadiria kwa mkono, kilo tano za Kibirizi, ambazo zikifika kwenye mizani zinakuwa nane. Safari moja dumu la mawese lilikutwa linavuja, likateremshwa. Safari nyingine mifuko ya dagaa ilikuwa imejaa mchanga, maana tunaanika ufukweni, na mchanga ndani ya helikopta ni adui. Fundi aliyekataa mizigo ile tulimlaumu siku mbili tatu, kisha tukamshukuru: alikuwa analinda roho za watoto wetu hao hao. Tena mafundi wa kikosi kimoja, waliogawiwa dagaa waliopita salama, walirudisha boksi tupu lililoandikwa kwa Kiswahili cha kujifunza: “Asante mama, leta tena.” Boksi hilo tunalo ofisini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Tunashindwa kuleta tena kama inavyostahili kwa sababu hatuna banda la kukaushia na kufungashia. Mawe na mchanga tumebeba wenyewe kichwani, tofali tumefyatua wenyewe, kuta zimefika kwenye lenta. Zimesimama hapo. Zinazokosekana ni mbao na bati, sakafu ya saruji, chanja za wavu za kuanikia dagaa, mizani ya kweli, mashine ya kuziba mifuko, na umeme wa kuiendesha. Nguzo ya umeme ipo jirani kabisa, mbuzi wetu hufungwa hapo.

Kwa heshima kubwa, hatupendi kukuficha kwamba bati hizi si mara ya kwanza kuombwa. Mgeni mmoja aliyesimama hapo uliposimama alituahidi bati zote kabla ya masika. Masika ilikuja, ikapita, ikaja nyingine, naye akahamishiwa mkoa mwingine, tunamtakia kazi njema. Waswahili wana msemo wao kuhusu ahadi. Hatutausema, kwa kuwa yeye mwenyewe aliusema siku hiyo kwa kipaza sauti. Mgeni mwingine alishika koleo, akapigwa picha, picha tunayo. Baada yake wakaja wataalamu wakapima, wakaja wengine wakapima upya. Vipimo tunavyo vya kutosha. Mwaka huu mvua zimekula udongo wa ukuta wa upande wa ziwa, na fundi wetu anasema hauvumilii masika nyingine bila paa.

Tunakuomba basi, Afande, usituahidi mengi. Tupatie paa na mizani, na hayo mengine tutayachangia mdogo mdogo. Na utakapojibu risala hii tungefurahi utaje mwezi, ili Katibu auandike kwenye muhtasari. Banda liko nyuma ya turubai hili, na tumepanga ulione kabla ya chakula. Makadirio ya fundi yako ndani ya bahasha utakayokabidhiwa sasa hivi na Mweka Hazina, pamoja na dagaa wako, waliopimwa kwenye mizani ya kuazima.

Tunaomba kuwasilisha.