Dover au Calais? Tuandikieni yote mawili

Mhariri,

Nina duka la vifaa vya shule na fotokopi hapa Majengo, Dodoma, na ramani za ukutani ni bidhaa yangu. Hivi karibuni mwalimu mmoja wa Bahi alinirudishia ramani ya Ulaya akidai ni feki. "Mama, mlangobahari wa Dover wameuandika Pas de Calais, wanafunzi wangu watafeli." Ramani yenyewe ilichapwa Ufaransa, na Wafaransa ndivyo wanavyouita mlangobahari huo ulio kati yao na Uingereza. Nikamweleza, akaondoka amenuna.

Simlaumu sana, maana gazeti lenu nalo linatuchanganya. Habari za wahamiaji wanaovuka kwa boti za mpira, leo mnaandika Dover, kesho Calais, msomaji anadhani ni bahari mbili. Ni maji yale yale, kilomita 33 hivi palipo pembamba zaidi. Mwingereza ameyaita kwa bandari ya upande wake, Mfaransa kwa ya upande wake. Baharia wa Calais angetajaje mji wa ng'ambo wakati wake anao? Hata 1988, nchi hizo zilipotia saini mkataba wa kugawana bahari hapo, nakala ya Kiingereza ilisema Dover na ya Kifaransa ikasema Pas de Calais. Mpaka ukachorwa, kila mtu akabaki na jina lake.

Kwingine jina lina uzito zaidi. Maji yaliyo kati ya Korea na Japani, Wakorea wanayaita kwa jina la nchi yao, Wajapani wanayaita Tsushima, kisiwa chao kilicho katikati. Hapo ukikosea jina umeshamuudhi mtu. Mkutano wa Umoja wa Mataifa wa 1977 kuhusu majina ya mahali ulishauri nchi zinazochangia eneo zijaribu kukubaliana jina moja. Zikishindwa, jina la kila nchi likubaliwe.

Sisi tunalijua hili bila kwenda Ulaya. Mimi ni mzaliwa wa Liuli, nimelelewa kwa dagaa wa Ziwa Nyasa, na nitaliita hivyo hadi nizikwe. Msumbiji nao wanasema Niassa. Malawi wanasema Ziwa Malawi. Wapo wateja wangu wanaokagua hilo ziwa kabla hata ya kuuliza bei. Wakikuta "Malawi" wanaikunja ramani kama wameona nyoka. Jamani, ugomvi ule wa mpaka wa ziwani kati yetu na Malawi chanzo chake ni mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890. Mchapaji akiandika Malawi hajahamisha hata ndoo moja ya maji yetu.

Ombi langu ni dogo. Mkitaja mlangobahari kama huo mara ya kwanza kwenye habari, wekeni majina yote mawili na mseme nani anatumia lipi. Na walimu wanaosahihisha mitihani ya majaribio, mtoto akiandika Pas de Calais, mpeni alama yake.

Mama wa duka la ramani,
Majengo, Dodoma